Kamera Zilipowekwa Mikononi mwa Watoto wa Imbabazi

Desemba 17, 2024 ilitimia miaka 30 tangu Rosamond Halsey Carr, bibi wa Kimarekani aliyekuwa na umri wa miaka 82, alipofungua kituo cha watoto yatima katika shamba lake la maua la Mugongo, Rwanda, chini ya volkeno Karisimbi. Banda la kukaushia pareto liligeuzwa bweni, na kituo kikaitwa Imbabazi, yaani huruma. Kila anayesimulia habari za wageni waliokuja mji wa Gisenyi kuhudumia watoto huanzia hapo, kwa kuwa Carr aliandika kitabu cha maisha yake, nasi waandishi twapenda mtu aliyekwisha kutuandikia.

Kwa haki ingeanza Nyundo, juu kidogo ya mji, ambako Mapadre Weupe walijenga misheni mwaka 1901. Wengi wao walikuja kukaa na makaburi yao yako huku huku. Mwaka 1952 Aloys Bigirumwami akawa Mnyarwanda wa kwanza kuvaa kofia ya uaskofu, na chini yake, mwaka 1954, kikazaliwa kituo cha Noel, ambacho baadaye kililea watoto zaidi ya 500 kwa wakati mmoja. Mwanzo wa kazi hii basi una askofu Mnyarwanda ndani yake, lakini sijapata kusikia mgeni akimtaja.

Halafu Julai 1994. Baada ya mauaji ya kimbari, kwa siku chache tu wakimbizi wanaokaribia milioni walipita Gisenyi kuingia Goma, ng'ambo ya mpaka, kipindupindu kikawapokea, na watoto wakabaki barabarani bila mtu wa kuwashika mkono. Misaada ikaja kwa ndege. Na nyuma ya misaada ikaja safari ya aina mpya, ya wiki mbili, fulana za rangi moja zenye mstari wa Biblia mgongoni, mara nyingi Julai au Agosti shule zikiwa zimefungwa Marekani. Mwaka 2005 mchungaji Rick Warren wa California alipoanza mpango wake nchini, akianzia Kibuye, kwenye Ziwa Kivu kama Gisenyi, safari hizo zikapata baraka za wakubwa.

Niliwahi kuwa mkalimani wa kundi moja, majina ya kanisa na kituo nitayahifadhi. Jumatatu walifundisha wimbo wa kupiga makofi, ambao watoto waliujua tayari kwa kundi la mwezi uliopita, nao kwa adabu wakajifanya hawaujui. Jumatano wakapaka rangi ukuta. Ijumaa wageni wakalia, watoto wadogo wakalia, wakubwa wakaenda kuteka maji. Na toka asubuhi hadi jioni, kamera. Mtoto mmoja alikuwa akigeuza uso mwenyewe kuelekea kwenye mwanga kabla hajaambiwa.

Ndiyo maana kisa cha mwaka 2000 sichoki kukisimulia. Wakati huo Imbabazi haikuwa tena Mugongo. Wapiganaji waliokuwa wakivuka mpaka kutoka Kongo, abacengezi, waliifanya milima isikalike tangu 1997, na Carr akashuka na watoto wake hadi mjini Gisenyi. Hapo alifika mpiga picha wa Kimarekani, David Jiranek. Mgeni kama yule alitarajiwa kupiga picha za nyuso zenye huzuni, apeleke kwao, michango ije. Yeye akagawa kamera za kutumia mara moja na kutupa, akawaambia watoto wapige wanachotaka.

Wakapigana picha wenyewe kwa wenyewe, wakapiga na yaliyowazunguka. Picha zikasafishwa hapa nchini, zikabandikwa kwanza kituoni ili wenye nazo wazione, ndipo zikaenda kuonyeshwa Kigali, na mapato yakaingia kwenye ada za shule. Baadaye serikali ikawaalika waipige picha nchi, mada ikiwa upatanisho. Picha ya mtoto mwenzake iliyopigwa na msichana wa miaka 8 ikashinda tuzo Marekani. Jiranek alifariki 2003, wenzake wakaendeleza kazi. Ni mgeni, tena wa muda mfupi kama wale wengine, lakini kile kifaa alikitoa shingoni mwake.

Yaliyofuata ni mafupi. Kituo kilirudi Mugongo. Carr alifariki Septemba 29, 2006, akazikwa shambani kwake. Mwaka 2012 serikali iliamua kufunga vituo vya yatima na kuwarudisha watoto kwenye familia. Uchunguzi ulikuta watoto 3,323 katika vituo 33, na wengi wao walikuwa na ndugu walio hai. Wafadhili wakanung'unika, baadhi ya makanisa yakauliza watu wao sasa waende wapi. Swali hilo liliniudhi nilipolisikia na linaniudhi hadi leo. Imbabazi nayo ikaacha kuwa nyumba ya yatima.

Lile kundi nililolifanyia kazi lilinitumia bahasha ya picha. Katika mojawapo nimesimama pembeni, na yule mtoto wa mwangani amepakatwa na bibi mwenye kofia pana. Nyuma wameandika kwa kalamu majina ya wageni wote kumi na mmoja, na langu pia, limekosewa herufi. La mtoto halipo, nami ndiye niliyekuwa nimewatafsiria jina lake.