Kima na Papa Jukwaani

Kisa cha Kima na Papa, ambacho watoto wetu hapa Johannesburg wamekiigiza, kimesafiri kuliko sisi. Asili yake ni Bara Hindi, na huko mnyama wa majini alikuwa mamba. Karne ya 8 Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu kutoka Kiajemi, ndani ya Kalila wa Dimna. Humo ni kasa. Kilipofika Unguja akawa papa, na Edward Steere akakichapisha London mwaka 1870, ndani ya Kisa cha Punda wa Dobi.

Nilipokigeuza mchezo nilipunguza maneno ya msimulizi, watoto wajibizane wenyewe. Katikati ya bahari Papa amwambia Kima kuwa sultani mgonjwa ataka moyo wa kima. Kima ajibu kuwa wao huacha mioyo yao mtini.

Mzazi mmoja aliniomba Papa aseme Kiingereza, maana mwanawe hakujua Kiswahili. Nikakataa. Mtoto akajifunza maneno yake kwa nyanya yake, asiyejua Kiingereza. Kabla ya hapo wawili hao walikuwa wakiamkiana tu. Kwa hiyo nasema, mchezo huu tusiuache.