Aliyelaaniwa Konstantinopoli, Akasomwa Gondar

Mwanafunzi wa theolojia hafiki mbali kabla hajaambiwa kwamba Wakristo wa kale walikuwa na namna mbili za kusoma Maandiko ya Kiebrania: Aleksandria walisoma kwa mafumbo, Antiokia walishikilia historia na maneno yalivyoandikwa. Kisha huambiwa kwamba mwaka 553 Antiokia ilizibwa mdomo, na usomaji wa namna hiyo haukusikika tena mpaka maprofesa wa Ujerumani walipouibua katika karne ya 18 na ya 19. Nusu ya kwanza ya maelezo haya imenyooshwa mno, lakini ipite. Nusu ya pili si kweli, na ushahidi wa kuikanusha uko hapa hapa Afrika, katika nyanda za juu za Ethiopia.

Marcion, aliyetengwa na Wakristo wa Roma mnamo mwaka 144, alitaka maandiko ya Wayahudi yatupwe yote. Huyo hana haja ya kutuchelewesha. Kanisa liliyabakiza, likabaki pia na kibarua cha kueleza kafara, vita vya Yoshua na zaburi za laana vinamhusu nini mtu aliyebatizwa. Origen wa Aleksandria, aliyefariki katikati ya karne ya tatu, alijibu kwamba andiko lina mwili, nafsi na roho kama binadamu. Usomi wake haupingiki. Ni yeye aliyepanga matini ya Kiebrania na tafsiri za Kigiriki katika safu sita za Hexapla. Lakini akishaanza mafumbo hashikiki. Rebeka akienda kisimani kuteka maji, kisima ni Maandiko na Rebeka ni roho inayojifunza kila siku. Vizuri, ila yule msichana mwenye mtungi katowekea wapi?

Swali la namna hiyo ndilo lililowakera walimu wa Antiokia: Diodore, askofu wa Tarso, na mwanafunzi wake Theodore, aliyekuwa askofu wa Mopsuestia tangu mwaka 392 hadi alipofariki 428. Kwa Theodore, nabii alisema na watu wa zama zake kuhusu mambo ya zama hizo. Kati ya zaburi zote alikubali nne tu kuwa zilimtabiri Kristo moja kwa moja: ya 2, ya 8, ya 45 na ya 110. Nyingine, ingawa aliamini Daudi ndiye mtunzi wa zote, alizipeleka kwa Daudi mwenyewe, kwa Hezekia, kwa mateka wa Babeli, kwa Wamakabayo.

Tazama alivyoishughulikia Zaburi ya 22, ile ambayo Yesu aliitamka msalabani. Wakristo wengi wa wakati wake hawakuona hapo pa kujadili. Theodore aliona. Katika Biblia ya Kigiriki aliyoitumia, mwimbaji anataja makosa yake mwanzoni kabisa. Kristo hakuwa na kosa. Basi mwimbaji ni Daudi aliyemkimbia Absalomu, na Yesu aliyachukua maneno hayo kama mteswa yeyote anavyoweza kuyachukua. Matini ya Kiebrania, kwa bahati mbaya, haitaji makosa mahali hapo bali kilio, na Theodore hakuwa mjuzi wa Kiebrania. Hoja iliegemea ukuta mbovu. Hata hivyo swali alilouliza, nani anasema na amepatwa na nini, ni swali la haki, na waliomlaani hawakulijibu.

Wala hakuwa mkavu kama anavyosimuliwa. Pale Zekaria anapomwona mfalme mnyenyekevu juu ya punda, Theodore alisema huyo ni Zerubabeli, kisha akaongeza kwamba ukweli kamili wa maneno hayo ulionekana kwa Kristo. Alichokataa ni kuukata mstari vipande, kipande kwa Zerubabeli na kipande kwa Kristo. Wimbo Ulio Bora aliuona kuwa wimbo wa ndoa ya Sulemani na binti Farao, neno ambalo halikusahaulika.

Kaisari Justinian alipoitisha Mtaguso wa Pili wa Konstantinopoli mwaka 553, Theodore alikuwa kaburini miaka 125. Dondoo zake zilisomwa mbele ya maaskofu, akalaaniwa yeye na maandishi yake. Siasa ilikuwa nyingi: Justinian alitaka kuwapoza Wakristo wa Misri na Siria waliokataa Mtaguso wa Kalkedonia na kumchukia Theodore. Papa Vigilius, aliyekuwa mjini humo humo, kwanza alilaani mafundisho na kukataa kumlaani marehemu, halafu akasalimu amri. Aliyesimama kidete ni Mwafrika, Facundus wa Hermiane, katika eneo ambalo leo ni Tunisia. Alishikilia kwamba mtu aliyekufa katika amani ya Kanisa hafunguliwi kesi. Vitabu vya Kigiriki vya Theodore vikapotea karibu vyote. Ufafanuzi wa Manabii Wadogo ndio pekee uliobaki mzima. Sehemu za ule wa Zaburi zilisalimika kwa Kilatini katika hati iliyoko Milano, iliyojaa maelezo ya Kiairishi cha kale, na kwa muda mrefu haikujulikana kuwa imetoka kwake.

Mashariki, nje ya mipaka ya Kaisari, mambo yalikuwa mengine. Shule ya Edessa, iliyokuwa ndani ya mipaka hiyo, ilipofungwa mwaka 489, walimu walikuwa na Nisibis ya Uajemi pa kwenda, na huko Theodore aliitwa Mfasiri tu, bila jina. Urithi huo ulifika Baghdad, ambako tabibu na padri Ibn al-Tayyib, aliyefariki 1043, aliuandika kwa Kiarabu. Kwa Kiarabu ukapita Misri, ukaingia Kige'ez, lugha ya ibada ya Ethiopia.

Hapo ndipo utamu ulipo. Kanisa la Ethiopia lilipokea maaskofu wake kutoka kwa patriaki wa Aleksandria kwa karne nyingi, hadi lilipopata patriaki wake mwaka 1959, na mwalimu wake mkuu ni Cyril wa Aleksandria, hasimu wa Theodore. Lakini katika andemta, ufafanuzi wa Kiamhari uliokomaa katika mji wa Gondar na kufundishwa kwa kukariri, zaburi kadhaa zimewekwa vinywani mwa mateka wa Babeli na Wamakabayo. Mwalimu husoma mstari kwa Kige'ez, hueleza kwa Kiamhari, kisha hupanga maana moja baada ya nyingine bila kuwajibika kuchagua; ya Kristo hukaa jirani na ya Hezekia.

Padri wa Kianglikana Roger Cowley, aliyefundisha Ethiopia, alifuatilia njia hii katika kitabu kilichochapishwa Cambridge mwaka 1988. Wapo wanaosema aliuvuta uzi wa Antiokia kupita kiasi, kwa kuwa andemta ina mafumbo mengi pia, na Wahabeshi wana vichwa vyao wenyewe. Pingamizi hilo nalipokea. Haliondoi jambo moja: mapokeo ya aliyelaaniwa na kaisari yalisomeshwa na walimu waliokuwa na kila sababu ya kumkataa.