Mama Yake Ni Nani?

Nilikwenda kwenye ranchi ile kutafsiri mazungumzo ya mshahara. Hiyo ndiyo kazi yangu hapa Abilene, Texas: kukaa katikati ya watu wawili wasioelewana na kubeba maneno. Mji huu umepokea wakimbizi kutoka Kongo na Burundi, na Kiswahili changu cha Shinyanga, pamoja na kasoro zake, huwafaa wengi wao. Siku hiyo nilifuatana na mzee mmoja wa Minembwe, mfugaji tangu utotoni, aliyekuwa akiomba kazi kwa mama wa Kizungu anayefuga mafahali wa rodeo.

Nilijiandaa kwa maswali ya saa za kazi, likizo na usafiri. Mzee hakuuliza hata moja. Aliegemea uzio wa chuma, akamtazama fahali mwekundu aliyekuwa akichimba vumbi kwa kwato, kisha akaniambia, "Dada, muulize: mama yake ni nani?"

Nikatafsiri. Yule mama aliinua kofia yake kidogo, akamtazama mzee kama vile ndiyo kwanza anamwona. Akamtaja mama wa fahali, bibi yake, na mama wa bibi yake. Akaeleza yupi alikuwa mkali akizaa na yupi aliruka uzio akiwa na mimba. Walizungumza nusu saa, mimi nikikimbizana na maneno. Suala la mshahara lilikwisha kwa dakika tano.

Tangu hapo nimerudi mara nyingi bila kulipwa. Ameniruhusu niandike habari zake, ila si jina lake. Mimi humwita Mama, kwa sababu ulimi wangu unakataa kumwita mtu wa miaka sabini kwa jina. Mwanzoni alicheka. Siku hizi anaitika.

Kwa asiyeujua mchezo huu: mpandaji hukaa mgongoni mwa fahali, mkono mmoja umeshika kamba iliyozungushwa kifuani mwa mnyama, mwingine uko hewani. Mlango wa kizimba ukifunguliwa, anatakiwa akae sekunde 8. Akimaliza, waamuzi hutoa alama hadi 100, nusu kwa ajili yake na nusu kwa ajili ya fahali. Kwa hiyo fahali mvivu humnyima mpandaji ushindi, na fahali hodari ana bei yake, mashabiki wake na ubingwa wake. Kamba nyingine hufungwa mbele ya miguu ya nyuma ili arushe mateke juu zaidi. Watu wengi huamini kwamba inabana korodani. Haizigusi. "Fahali mwenye maumivu hataki kuruka," Mama aliniambia, "anataka kulala chini."

Mafahali wake wengi wana nundu kama ng'ombe wetu wa kienyeji. Ni damu ya Brahman, aina iliyotengenezwa Marekani kutokana na ng'ombe wa India. Hata vichaka vinavyozunguka zizi ni vya mesquite, ndugu wa ule mti wa mathenge unaowasumbua wafugaji wa Baringo. Siku ya kwanza nilijihisi mgeni kwa watu tu, si kwa mifugo wala miiba.

Swali la mzee lilinifanya nianze kusoma. Nikagundua kwamba kwa miongo mingi hakuna aliyeliuliza hapa. Fahali wa rodeo alikuwa mzigo uliomshinda mtu mwingine: mkulima aliyechoshwa na dume korofi alimpeleka mnadani, na mwenye rodeo akamnunua. Akiruka vizuri, alibaki. Asiporuka, aliishia kwa mchinjaji. Wachache, kama Charlie Plummer wa Oklahoma, walizalisha kwa makusudi, lakini biashara nzima haikuwa na kumbukumbu za ukoo. Daftari la kuandikisha mafahali hawa lilianza miaka ya 1990, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 likawa shirika la American Bucking Bull, linalothibitisha wazazi wote wawili kwa vipimo vya vinasaba.

Ndipo ng'ombe jike alipoingia kwenye hesabu. Wafugaji wengi sasa watakwambia kwamba moyo wa fahali hutoka kwa mama yake zaidi kuliko kwa baba. Hata hivyo sifa hazijamfikia. Muulize shabiki yeyote kuhusu Bushwacker, atakutajia ubingwa wake wa 2011, 2013 na 2014. Muulize ng'ombe aliyemzaa anaitwaje, atakuna kichwa.

Historia ya wanawake wenyewe katika rodeo haiko mbali na hiyo. Mwanzoni mwa karne iliyopita walipanda farasi wakali mbele ya maelfu ya watu na kulipwa. Septemba 1929, huko Pendleton, Oregon, Bonnie McCarroll aliangukiwa na farasi wake, akaburuzwa, akafa siku chache baadaye. Pendleton ikafuta mashindano hayo ya wanawake. Chama cha waandaaji wa rodeo kilichoundwa mwaka huohuo hakikuwapa wanawake nafasi, na mlango ukafungwa kidogo kidogo. Wanaume nao walikufa uwanjani kabla na baada ya hapo. Lane Frost alikufa Cheyenne mwaka 1989, akiwa na miaka 25, baada ya kumaliza sekunde zake 8 na kupigwa na fahali akiwa chini. Kifo chake kiliwaletea wapandaji fulana ya kukinga kifua. Kifo cha McCarroll kiliwaletea wanawake marufuku.

Mwaka 1948 wanawake 38 walikutana San Angelo, mwendo wa saa moja na nusu kusini mwa hapa, wakaunda chama chao wenyewe. Ndicho kinachoitwa leo Women's Professional Rodeo Association. Mama alikulia kwenye kivuli cha chama hicho. Alitaka kupanda mafahali. Baba yake akampa farasi wa kuzunguka mapipa matatu, mchezo ambao wengi hapa huuhesabu kuwa wa wasichana. Alizunguka hadi alipoolewa. "Nilikuwa na kasi," alisema. "Lakini macho yangu yalikuwa upande wa pili, kwenye vizimba."

Mumewe alipofariki, miaka mingi iliyopita, simu zilianza kabla maua ya msiba hayajanyauka. Kila aliyepiga alitaka kununua mafahali, na kila mmoja aliuliza kama kuna mwanamume wa kuzungumza naye. Vyeti vyote vilikuwa na jina la marehemu. Lakini Texas ina sheria ya mwaka 1840, iliyorithiwa kutoka kwa Wahispania, kwamba mali inayopatikana ndani ya ndoa ni ya mume na mke kwa pamoja. Sheria hiyo nayo ilikuwa na kasoro: hadi 1967 mume ndiye aliyesimamia karibu kila kitu. Ila zizi lilikuwa lake nusu kabla ya kifo, na hakuna shemeji aliyeweza kumwambia vingine.

Akafanya jambo lililowashangaza majirani. Aliwauza mafahali karibu wote, wale wenye majina na mabango, akabaki na majike. Waliona amechanganyikiwa kwa majonzi. Baada ya miaka mitatu ndama wa majike hao walianza kujaribiwa wakiwa na miaka miwili, na kisanduku kidogo mgongoni badala ya mtu, sekunde chache tu. Majirani wakarudi kununua.

Aliponisimulia hayo nilikuwa nimeshika ndoo ya chakula. Niliiweka chini.

Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa na ng'ombe huko Shinyanga. Nasema "alikuwa na," lakini katika lugha ya nyumbani ng'ombe walikuwa wa babu. Bibi alijua yupi ana mimba, yupi ana chuchu iliyoziba, yupi asikamuliwe na mgeni. Babu alipokufa, ndugu zake walikaa kikao cha siku mbili, wakaondoka na kundi. Bibi aliachiwa jike moja la maziwa, tena kwa huruma. Hawakuvunja sheria. Tamko la sheria za kimila la mwaka 1963, lililoandika mila za jamii zinazofuata ukoo wa baba, linasema mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Nilisoma maneno hayo nikiwa chuoni, nikayapigia mstari, nikafaulu mtihani. Sikuwahi kuyaunganisha na zizi tupu nililochezea utotoni.

Sitaki kuigeuza Texas kuwa pepo. Kazi ya Mama ina jambo linalonikaa kooni. Fahali wake mmoja alimvunja kijana mbavu na taya. Nilimuuliza kama hulala usingizi. Alinyamaza kwa muda mrefu.

"Sikumfundisha kuumiza," alisema. "Wala sikumfundisha kuruka. Nilichofanya ni kumchagulia mama." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo, hapana, silali vizuri." Hukutana na mama wa kijana yule kila mwaka kwenye rodeo ya kaunti. Husalimiana. Hawajawahi kukaa meza moja.

Jumapili iliyofuata nilimpigia simu mama yangu, nikamwomba majina ya ng'ombe wa bibi. "Ng'ombe walioliwa kabla hujaanza shule?" akauliza. Nikasema ndio, haohao. Akacheka, akanyamaza, kisha akaanza. Kulikuwa na jike jeusi lenye doa jeupe pajani, ambalo bibi aliliita kwa jina la mke mwenzie kwa sababu lilipenda kusukuma wengine. Kulikuwa na la kahawia lililozaa mapacha. Kulikuwa na mtamba wa kijivu aliyekuwa akimfuata bibi hadi kisimani kama mbwa. Hapo mama alikatiza kidogo, akasema sauti ya simu imekuwa mbaya. Haikuwa mbaya.

Niliandika yote kwenye daftari. Wiki hiyo nilipofika ranchini nilimsomea mzee wa Minembwe, ambaye sasa ndiye mwenye funguo za mageti yote. Alisikiliza akiwa ameegemea koleo, akitikisa kichwa kwa kila jina. Nilipomaliza aliinyoosha kofia yake.

"Huyu wa kijivu," akasema. "Mama yake ni nani?"

Nikamwambia sijui.

"Basi piga tena, dada. Mama yako bado yuko hai."