Neno la Kiingereza "Couple" na Maana Zake

Walimu wengi wafasiripo Kiingereza hulidhani neno "couple" kuwa ni la hesabu tu, maana yake mbili, nao huandika "jozi". Twaona yafaa kulifuata tangu asili yake, kwani kosa hili halikomei katika madaftari ya shule. Huingia hata katika maneno tuwaambiayo wanaofunga ndoa.

Asili yake si hesabu, bali ni kifungo. Warumi walisema "copula", yaani kitu cha kuungia. Wafaransa wakalipokea, nalo likaingia katika Kiingereza katika karne ya 13, Wanormani walipokuwa wamekwisha kuitawala Uingereza tangu mwaka 1066. Wawindaji waliiita hivyo kamba iliyowafunga mbwa wawili pamoja. Hata leo mbwa wa namna hiyo huhesabiwa kwa "couple": mbwa 11 ni "couple" 5 na nusu, na nusu hiyo si kipande cha mbwa, ni mbwa mzima aliyekosa mwenziwe! Na chuma kiunganishacho mabehewa ya gari la moshi kina jina la ukoo huo huo.

Neno "pair" ni jingine. Latokana na "par" la Kilatini, yaani sawa. Basi viatu viwili ni "pair" kwa kuwa vyalingana. Mume na mke hawaitwi "couple" kwa kulingana, bali kwa kuunganishwa.

Waingereza wenyewe wamelilegeza neno hili. Mwalimu akiandikiwa kwamba mgeni atafika baada ya "a couple of days", asiwakusanye watu siku ya pili; maana yake ni siku mbili tatu, kama tusemavyo sisi.

Na "jozi" je? Limetoka katika "zauj" la Kiarabu, ambalo ni mume pia, na wataalamu wa lugha hulifikisha kwa "zeugos" la Kiyunani, yaani nira ya ng'ombe wawili. Kumbe nalo lilikuwa kifungo! Lakini kwetu limeshukia viatu na soksi, wala asili haitoshi kulirudisha kanisani. Siku ya arusi wawili hao ni maarusi. Baadaye ni mtu na mkewe. Mzee akisikia "jozi" hapo, atauliza viatu ni vya nani.