Mchora Nyuso za Marubani

Leo nataka kuwapa habari za mtu aliyetumwa vitani na kipande cha makaa. Jina lake Cuthbert Orde, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1888. Katika Vita Kuu ya 1914 hata 1918 alikuwa rubani. Eropleni za siku zile zilikuwa za miti na nguo. Rubani aliketi wazi, upepo ukimpiga usoni, wala marubani wa Kiingereza hawakupewa miavuli ya kurukia. Vita vilipokwisha, Orde akashika kazi ya kuchora sura za watu.

Mwaka 1940 Wajeremani wakaleta eropleni zao juu ya Uingereza, na tangu Julai hata Oktoba watu wakapigana angani. Waliopanda kuzizuia hawakutimia 3,000, wengi wao vijana, na katika hao 544 waliuawa. Vita vikali namna hii ndipo Wizara ya Hewa ilipomwita Orde, naye umri wake miaka 51, ikamwagiza azunguke viwanja vya eropleni awachore marubani.

Labda mtu atauliza: kamera si zilikuwako? Naam, zilikuwako. Lakini kamera humtazama mtu kufumba na kufumbua, na mchoraji hukaa naye, akamwangalia mpaka uso uliokazwa kwa haya ulegee. Tena huyu aliyewaangalia alikuwa rubani kama wao. Hofu ya hewani aliijua, hakuhitaji kusimuliwa.

Alichora nyuso zaidi ya 150. Yumo Malan, mzaliwa wa Afrika ya Kusini. Yumo Bader, aliyekatwa miguu yote miwili baada ya eropleni yake kuanguka mwaka 1931, kisha akarudi kurusha kwa miguu ya bandia. Yumo na Finucane, kijana wa Dublin, aliyechorwa mwaka 1941. Julai 1942, alipokuwa akirejea kutoka Ufaransa, eropleni yake ilipigwa risasi kutoka chini, injini ikachemka, naye akaanguka baharini. Alikuwa na miaka 21. Mwili wake haukupatikana.

Mwaka uo huo picha 64 katika hizo zikapigwa chapa kitabuni, za walio hai pamoja na za waliokwisha kufa. Orde mwenyewe aliishi hata 1968, akafa mzee wa miaka 80.