Ngoma, Sikio na Moyo Kaskazini mwa Ziwa Nyasa

Kutumia sauti kubadili hali ya moyo na namna mtu anavyosikia ni jambo la zamani kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kuanzia Kyela hadi ng'ambo ya Mto Songwe, upande wa Malawi. Huko chombo kikuu ni ngoma, na mahali pa kuijaribu nguvu yake palikuwa msibani na kwa mganga.

Habari za msibani ziliandikwa na Godfrey na Monica Wilson, mume na mke waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa, wenyeji wa upande wa Kyela, kati ya 1934 na 1938. Katika makala ya 1939 kuhusu maziko, Godfrey alieleza jinsi wanawake walivyolia karibu na maiti huku wanaume wakicheza uwanjani na mikuki mkononi, ngoma zikirindima. Wenyeji walimweleza kwamba kucheza huko ndiko kuomboleza kwenyewe: huzuni na hofu huwasha vita ndani ya mtu, na ngoma huvitoa nje. Muda ulivyosonga, mchezo ule ule wa majonzi uligeuka taratibu kuwa wa furaha, vijana wakianza hata kutupiana macho. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin walikuwa wameingia Unyakyusa tangu 1891, na Wakristo walizika kwa nyimbo za dini badala ya ngoma. Sauti ilibadilika, lakini kazi ya kuwatuliza wafiwa haikuachwa.

Kwa Watumbuka wa kaskazini mwa Malawi, ngoma ni tiba. Ngoma hiyo ya tiba, vimbuza, ilishika kasi katikati ya karne ya 19, Watumbuka walipotawaliwa na Wangoni, na baadaye ikapigwa vita na wamisionari. Wanaume hupiga ngoma, wanawake huimba na kupiga makofi, na kila pepo ana mdundo wake. Mpigaji hujaribu mdundo huu na ule mpaka mgonjwa, ambaye mara nyingi ni mwanamke, apandishe pepo. Umaarufu wa waganga wa huko, waitwao nchimi, ulivuka mpaka: katika miaka ya 1960 Wahehe wa Iringa walisafiri mpaka kwa nchimi mmoja aitwaye Chikanga, kama alivyoandika Alison Redmayne mwaka 1970. UNESCO iliingiza vimbuza katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2008.

Maabara za Ulaya na Marekani zilipita njia nyingine. Karibu na 1840, mwanafizikia wa Berlin Heinrich Wilhelm Dove aligundua kwamba sikio moja likipewa sauti moja na la pili sauti inayotofautiana nayo kidogo, msikilizaji husikia mdundo ambao haupo nje ya kichwa chake. Gerald Oster aliufufua ugunduzi huo mwaka 1973: hezi 400 upande mmoja na 410 upande wa pili huzaa mdundo wa mara 10 kwa sekunde, na hali hiyo hufifia sauti zikizidi takriban hezi 1,000. Tangu hapo watu wengi wamejijaribia wenyewe kwa hedifoni wakitafuta utulivu au usingizi, ingawa matokeo ya vipimo hayajakubaliana.

Andrew Neher ndiye aliyejaribu kuunganisha maabara na ngoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alidai kwamba mapigo ya ngoma huyavuta mawimbi ya ubongo yaende nayo, na kwamba ndiyo sababu watu hupandisha. Mfaransa Gilbert Rouget alimjibu mwaka 1980, tena kwa kejeli inayostahili: ingekuwa hivyo, nusu ya Afrika ingekuwa imepandisha mwaka mzima.

Jibu lenye uzito zaidi lilitolewa na Steven Friedson, aliyejifunza kupiga ngoma za vimbuza na kuchapisha kitabu chake mwaka 1996. Aligundua kwamba mdundo wa msingi unaweza kusikika kwa namna mbili, kwa mafungu ya mbili au ya tatu, na sikio hubadilisha ghafla bila ngoma yenyewe kubadilika. Kujaribu ni rahisi: hesabu moja hadi sita mfululizo, mguu ukikanyaga kwenye moja na nne, mikono ikipiga makofi kwenye moja, tatu na tano. Baada ya muda, masikio hufuata mguu, kisha bila kutarajia hufuata makofi. Kwa mganga, mgeuko huo haufanyi kazi peke yake. Huambatana na wimbo unaofahamika, makofi ya majirani, jina la pepo na matibabu yanayoweza kuchukua wiki au miezi.