Usimbaji Upya: Sauti ya Video Inapohama Fomati

Usimbaji upya ni kazi ya kufumbua picha au sauti iliyokwisha kubanwa kidijitali, kisha kuibana tena kwa kanuni ileile au nyingine. Katika maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, yanayojaza filamu kwenye flashi na memori kadi, na kwa mafundi wanaohamisha mikanda ya zamani ya harusi, kazi hii huitwa kukonvati. Neno hilo limeenea na linaeleweka, ila limebeba kazi mbili zisizofanana. Moja haigusi sauti hata kidogo. Nyingine huijenga sauti upya na, kwa kodeki (kanuni za kubana na kufumbua) zinazotumika sana, huacha kitu njiani. Video nyingi zinazorudishwa dukani kwa sababu sauti imekuwa nyembamba au imepishana na midomo zilifanyiwa kazi ya pili pale ambapo ya kwanza ingetosha.

Tofauti huonekana faili ya video inapochambuliwa. Kwa nje kuna kontena: MP4, MKV, AVI na 3GP ni majina ya makontena. Ndani yake imo mikondo, yaani mkondo wa picha, mkondo mmoja au zaidi wa sauti, na pengine mkondo wa manukuu. Kila mkondo umebanwa kwa kodeki yake. Picha aghalabu kwa H.264, sauti kwa AAC, MP3 au AC-3. Herufi zinazofuata nukta katika jina la faili hutaja kontena peke yake. Ndiyo maana faili mbili za MKV zaweza kuwa na sauti za namna mbili, moja ikasikika kwenye runinga ya sebuleni na nyingine isitoe hata mlio. Bidhaa ikihamishwa kutoka kontena moja hadi jingine pale bandarini bila boksi kufunguliwa, hufika Kariakoo kama ilivyofungwa kiwandani. Vivyo hivyo mkondo wa sauti waweza kutolewa kwenye MKV na kuwekwa kwenye MP4 bila biti moja kubadilika.

Kazi hiyo ya kwanza inafaa iitwe uhamishaji wa kontena, na ya pili usimbaji upya. Kitenzi kusimba kina undugu na msimbo, neno linalofahamika kutokana na msimbo wa posta, na kimo pia katika usimbaji fiche, jina linalotumika katika programu za simu zenye lugha ya Kiswahili. Wapo wanaokiona kigeni, hasa karibu na Mtaa wa Msimbazi ambako simba ni jina la klabu kabla ya kuwa jina la mnyama, lakini maumbo kusimba na usimbaji hayaachi utata katika sentensi. Kubadili fomati, ambalo huandikwa mara nyingi katika maelezo ya Kiswahili, halitoshi, kwa kuwa mmoja akisema fomati ana maana ya kontena na mwingine ana maana ya kodeki, na hapo ndipo sauti inapopotea. Neno kodeki lenyewe ni bora likabaki mkopo. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, ndilo lenye jukumu la kusanifu istilahi Tanzania, lakini istilahi za aina hii hupata nguvu zaidi fundi anapozitumia mbele ya mteja.

Gharama ya kusimba upya huanzia kwenye hesabu. Sauti ya stereo isiyobanwa, yenye sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 16 kwa kila sampuli, huhitaji kilobiti 1,536 kwa sekunde. Filamu ya saa mbili ingebeba karibu gigabaiti 1.4 za sauti pekee. AAC ya kilobiti 192 huishusha hadi megabaiti 173 hivi. Nafasi hiyo hupatikana kwa kutupa sehemu ambazo sikio la kawaida halizitambui, kwa mfano mlio mdogo unaofunikwa na mlio mkubwa ulio jirani yake. Kilichotupwa hakirudi. Sauti hiyo ikifumbuliwa na kusimbwa tena, kodeki ya pili haijui kwamba imepewa masalia: huyachukua makosa ya kodeki ya kwanza kuwa sehemu ya muziki, huyahifadhi kwa bidii, kisha huongeza ya kwake. Madhara hutangulia kusikika katika milio ya juu, kama vile kayamba, matoazi, fidla za taarabu, na konsonanti s na sh za msemaji. Kuipandisha sauti ya kilobiti 128 hadi 320 hakuirudishii chochote; faili hunenepa na sauti hubaki palepale.

Historia ya biashara ya filamu Kariakoo yenyewe ni historia ya uhamaji huu. Filamu za Bongo zilisambazwa kwa mikanda ya VHS, kisha VCD, kisha DVD, kabla ya flashi na simu kutawala. VCD hubeba sauti yenye sampuli 44,100 kwa sekunde kwa kilobiti 224, ilhali DVD hutumia sampuli 48,000. Kwa hiyo filamu ya VCD haikuweza kuingizwa katika DVD kwa uhamishaji mtupu. Sampuli zilipaswa kukokotolewa upya. Programu ikiruka hatua hiyo na kuzicheza sampuli 44,100 kana kwamba ni 48,000, sauti ya dakika 60 humalizika kwa dakika 55 na sekunde chache, na sauti za waigizaji hupanda karibu nusutoni moja na nusu. Kwa mkanda wa VHS wa harusi au wa onyesho la taarabu hali ni nyeti zaidi, kwani mkanda huchakaa na huenda usichezeke mara ya pili. Sauti yake yapasa kurekodiwa bila kubanwa, au kwa FLAC, kodeki inayobana bila kutupa kitu. Nakala hiyo ihifadhiwe kama nakala mama, na za DVD, flashi na simu zitolewe kwake, si nakala moja kutoka kwa nyingine.

Kuna wakati kusimba upya hakuepukiki. Faili yenye sauti ya AC-3 au DTS huonyesha picha safi kwenye baadhi ya runinga na simu huku ikiwa kimya, na muuzaji husema sauti haisapoti. Suluhisho ni kunakili mkondo wa picha ulivyo na kusimba upya mkondo wa sauti tu. Katika FFmpeg, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Fabrice Bellard, amri -c copy huhamisha mikondo bila kuigusa, nayo -c:v copy -c:a aac huiacha picha na kushughulikia sauti. Kazi ya dakika nyingi huisha upesi, na picha haipotezi kitu.

Hatari ya pekee imo katika sauti ya chaneli sita. Katika mpangilio huo mazungumzo huwekwa zaidi kwenye chaneli ya katikati, na muziki hutawanywa pembeni. Programu inayochukua chaneli ya kushoto na ya kulia tu, ikaiacha ya katikati, huzalisha filamu yenye milio ya magari na ngoma ambamo watu wanafumbua midomo bila kusikika. Upunguzaji sahihi huichanganya chaneli ya katikati katika zote mbili.

Suala hili linagusa pia sanaa ambayo Dar es Salaam imeipa sura yake: filamu za nje zinazosimuliwa kwa Kiswahili. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alipata jina kwa usimulizi wa aina hiyo, na huko Uganda wasimulizi kama VJ Jingo walifanya hivyo kwa Kiganda. Sauti ya msimulizi ikichanganywa na ya filamu katika mkondo mmoja, haitenganishwi tena kwa usafi, na filamu ya asili huwa imezikwa chini ya simulizi. MKV na MP4 huweza kubeba mikondo miwili, mmoja wa asili na mmoja wenye simulizi, mtazamaji akachagua. Simulizi hizo ni kazi za wasanii, zinastahili kutunzwa kama kazi nyingine za fasihi simulizi, na kuzibana tena na tena kwa kila kizazi cha vifaa ni kuzifuta polepole.

Ulinganifu wa sauti na picha nao huvurugika kwa njia zake. Kodeki kama AAC huongeza sampuli tupu mwanzoni. Kisimbaji kimoja kinachotumika sana huongeza 2,112, sawa na milisekunde 44 kwa kasi ya sampuli 48,000. Kontena likipoteza taarifa ya kuziruka, sauti huchelewa, na kila usimbaji huweza kuongeza ucheleweshaji. Vipimo vya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano vinaonyesha kwamba watazamaji huanza kutambua kasoro sauti ikitangulia kwa milisekunde 45 au ikichelewa kwa 125. Chanzo kingine ni simu: nyingi hurekodi kwa idadi ya fremu inayobadilika, hasa ukumbi ukiwa na mwanga hafifu, na programu inayodhani idadi ni moja huiacha sauti iteleze kidogo kidogo hadi mwisho wa sherehe.

Kazi ikikamilika hukaguliwa kwa njia inayolingana na aina yake. Baada ya uhamishaji wa kontena, FFmpeg huweza kukokotoa alama ya uhakiki ya mkondo wa sauti wa faili ya zamani na wa mpya. Alama zikifanana, sauti ni ileile. Baada ya usimbaji upya alama haziwezi kufanana, hivyo hulinganishwa urefu wa mikondo na idadi ya chaneli, kisha faili husikilizwa mwanzoni, katikati na dakika za mwisho, ambako mtelezo wa sauti hujitokeza zaidi.